Jibu: Je, kila mwanafunzi alazimishwe kulipa kadi ya basi?

Dada, umeuliza kama ni haki kumlipisha kadi ya basi hata mwanafunzi anayelala kwenye homu (mabweni) za chuo kikuu kule Kasapa, hapa Lubumbashi. Naona inaweza kuwa haki, ila si kwa magari tuliyo nayo sasa.

Kule Vancouver, Kanada, wanafunzi wa vyuo vikuu vya UBC na SFU waliukubali kwa kura mpango wa kila mmoja kulipa kadi, nao ukaanza mwaka 2003. Karibu wote wanalipa, hata asiyepanda, ndiyo maana bei inashuka. Ujerumani nako, kadi ya wanafunzi ya nchi nzima ilianza mwaka 2024 kwa euro 29.40 kwa mwezi. Lakini wenzetu wana mashirika ya usafiri ya kuwekeana nayo mkataba. Kwetu kila taksi-basi ina mwenyewe, na jioni dereva anadaiwa hesabu na mwenye gari. Kadi utamwonyesha nani?

Mwanafunzi anayetoka mtaa wa Katuba anabanwa, watu wanne kwenye kiti cha watatu, anashuka mjini, anatafuta gari la pili, na kila mara anadaiwa franka mkononi. Huyo ndiye atakayelipa mara mbili: kadi juu ya minervali (ada ya masomo), kisha nauli ileile. Hilo linaniuma sana.

Chuo kilete kwanza mabasi yake, tuyaone yakitembea asubuhi, ndipo tupige kura. Wa homu nao waulizwe.