Mwaka Kogwa: nenda Makunduchi, ulale huko

Swali lenu la wiki limetutaka tutaje sherehe moja ya jadi ambayo mgeni anafaa kuihudhuria, pamoja na njia ya kufika. Mimi namwelekeza Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa wa mwezi wa Julai, na namsihi apange kulala.

Sherehe hii ya mwaka mpya, ambayo asili yake hunasibishwa na Nairuzi ya Waajemi, inajulikana zaidi kwa mapigano ya migomba. Wanaume wa pande mbili za mji hucharazana kwa vigogo vya migomba mpaka vinachanika nyuzinyuzi na utomvu kuwatapakaa vifuani, na kinyongo cha mwaka uliopita huhesabiwa kimeishia hapo. Wanawake, wakiwa wamejipamba kwa nguo zao bora, hupita wakiimba. Baadaye kibanda cha makuti hutiwa moto, mzee aliyekuwa ndani hutoka mbio, na watu hutazama moshi unaelekea wapi ili kubashiri mwaka unaoanza.

Mgeni anayefuata picha huondoka moto unapozimika, nami humsikitikia, kwa kuwa shamrashamra za kula, ngoma na kutembeleana huendelea kwa siku kadhaa, na wenyeji huona ni mkosi nyumba kukosa mgeni. Akibaki, aketi barazani na wazee awaulize hesabu ya miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi ya mwaka wa jua wenye siku 365, ambayo wakulima na wavuvi waliyategemea kujua majira, kwa sababu mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na huzihama misimu. Naiona hesabu hiyo ndiyo roho ya sherehe, na inaniuma kwamba vijana wanaoijua ni wachache. Kwa kuwa hesabu hiyo haina mwaka mrefu, yaani wa siku 366, tarehe ya sherehe husogea polepole. Ni vyema kuulizia mapema.

Anayetoka Dar es Salaam atapanda boti, mwendo wa takriban saa mbili, akiwa na kitambulisho. Akishafika mjini Unguja, aulizie daladala namba 310, inayopita Tunguu, msitu wa Jozani na Kitogani. Avae nguo za heshima, atafute malazi kabla ya kuondoka mjini, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.