Kutatua, kukokotoa au kujaribujaribu?

Swali: Ninaandika ripoti kuhusu namna wanafunzi wanavyofanya mazoezi ya kemia katika maabara pepe, yaani maabara ya kuigiza kwenye kompyuta. Mhariri amekata sentensi yangu isemayo, "Wanafunzi walitatua suluhisho la chumvi." Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri yuko sahihi, ndugu msomaji. Suluhisho, kama suluhu na kusuluhisha, ni la ugomvi uliopatanishwa au tatizo lililopatiwa jibu. Chumvi iliyomumunyika katika maji ni mmumunyo, nao huandaliwa, hautatuliwi. Kiingereza hutumia neno moja, solution, kwa yote mawili, na hapo ndipo watafsiri wengi huteleza.

Kitenzi chenyewe kinahitaji uangalifu zaidi. Kutatua kunatokana na mzizi -tata, uliozaa pia utata na tatizo, na kiambishi -ua hapa hutengua, kama katika funga na fungua au ziba na zibua. Kwa hiyo anayetatua huondoa msokotano, hatoi jibu tu. Tuseme zoezi linataka mililita 100 za mmumunyo wa chumvi wenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa dutu katika kemia), na kwenye skrini ipo chupa ya mmumunyo wa moli 1 kwa lita. Mwanafunzi wa kwanza anaweka namba katika kanuni na kupata mililita 10: huyo amekokotoa. Wa pili anamimina kidogo, anatazama kipimo, anaongeza maji, anamwaga, anaanza upya: huyo amejaribujaribu, na uradidi wa kitenzi, yaani kurudiwa kwa shina lake, unaonyesha vizuri kwamba alirudia bila mpango. Wa tatu anatambua kwanza kuwa ukolezi unapaswa kupungua mara 10, ndipo anapima mililita 10 na kuongeza maji hadi 100. Huyu ametatua.

Wote watatu wanaweza kufikia jibu lilelile, na maabara pepe ina faida kwamba programu yake inaweza kuhifadhi kila hatua. Ukiandika "walitatua" kwa wote, umefuta tofauti ambayo ripoti yako inaitafuta.

Kuhusu pepe, wapo wanaolikwepa kwa kuwa pepe pia ni punje tupu isiyo na kiini. Mimi silikwepi, barua pepe imekwisha kulizoesha sikio.

Sentensi yako basi isomeke: "Wanafunzi waliandaa mmumunyo wa chumvi; baadhi walikokotoa kiasi kabla ya kumimina, wengine walijaribujaribu."