Jibu: q ya Tsallis ni fizikia kweli au ni kulazimisha grafu?

Mleta mada anasema yuko uzamili, kila makala anayofungua kuna mtu kabandika q ya Tsallis, mara kwenye upepo wa jua, mara kwenye matetemeko, na anauliza kama humo kuna fizikia au watu wanalazimisha mstari upite kwenye nukta. Mkuu, mimi nafundisha fizikia hapa Kigoma na hiyo q iliwahi kunitoa jasho. Nitakupa yaliyonikuta.

Kwa wasioifahamu: entropia (kipimo cha vurugu ya mfumo) ya wanafizikia Boltzmann na Gibbs hujumlishika. Ukiwa na mifumo miwili isiyohusiana, ya wote wawili ni ya huyu kuongeza ya yule. Mwaka 1988 Constantino Tsallis, aliyekuwa akifanya kazi Rio de Janeiro, alipendekeza fomula yenye kipeo q, ambamo jumla inabeba kipande cha ziada: (1−q) mara entropia ya kwanza mara ya pili. q ikiwa 1 kipande hicho kinakufa, unarudi kwa Boltzmann. Matumaini yalikuwa kwamba hiyo itafaa pale ambapo kila chembe inamvuta kila mwenzake kwa mbali, kama nyota, au pale ambapo mfumo hausahau upesi ulikotoka.

Kinachowanasa watu ni mkia wa grafu, yaani uwezekano wa matukio makubwa na adimu; x hapa chini ni ukubwa wa tukio. Badala ya e kwa kipeo −x unapata [1+(q−1)x] kwa kipeo −1/(q−1). Chukua simu yako upige hesabu na q ya 1.1 tu. x ikiwa 1, unapata 0.386 dhidi ya 0.368, kwenye grafu huoni tofauti. x ikiwa 10, yetu ya kawaida inatoa moja kwa 22,026, ya Tsallis inatoa moja kwa 1,024. Fika 20 uone: moja kwa milioni 485 dhidi ya moja kwa 59,049. Yaani tukio ambalo Boltzmann anakwambia usilingojee, huku linatokea.

Sasa kisa changu. Kwenye uzamili nilitaka data ya nyumbani, nikaenda mwalo wa Kibirizi na daftari. Kila alfajiri mitumbwi ikiingia naandika dagaa waliopimwa, mtumbwi mmoja mmoja, vidole vinanuka hadi jioni. Nilipochora, mkia ulikuwa mnene ajabu, na fomula ya Tsallis ikakaa juu yake kama soksi. Msimamizi wangu alifurahi kuliko mimi. Nikaandika sura nzima ya tasnifu: wavuvi wanafuatana taa kwa taa, samaki wanafuatana makundi, kwa hiyo kuna uhusiano wa mbali, kwa hiyo q.

Siku moja namwonyesha grafu mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi. Akaitazama, akaniuliza namba zile ni za usiku gani. Nikamwambia za zote.

"Mwalimu, yaani umetia usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi kwenye debe moja, halafu unashangaa limejaa vibaya?"

Mkuu, niliganda. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa, hilo mtoto wa Ujiji analijua. Nilirudi kwenye daftari nikazitenganisha siku kwa mwezi. Kila fungu peke yake lilikuwa karibu na eksponensia ya kawaida kabisa, q ikashuka kuelekea 1. Mkia wangu ulikuwa mchanganyiko wa wastani tofauti. Sura ikaenda na maji.

Baadaye ndiyo nikakuta wanafizikia wenyewe walishaliandika. Wilk na Włodarczyk mwaka 2000, kisha Beck na Cohen 2003: ukiwa na joto linaloyumba kutoka mahali hadi mahali, na kinyume cha joto hilo kikafuata mgawanyo wa gama (umbo mojawapo la takwimu), wastani wa vipengele vya Boltzmann, zile e kwa kipeo hasi, unakupa fomula ya Tsallis sawasawa. Kadiri kinavyoyumba, ndivyo q inavyozidi 1. Kwa hiyo q inaweza kuwa kipimo halali cha kuyumba, ila usiipambe kuwa sheria mpya ya maumbile.

Ukiniuliza wapi naiheshimu, ni kwenye atomu zilizopozwa kwa leza zikanaswa kwenye wavu wa mwanga. Mwanafizikia Lutz mwaka 2003 alikokotoa q kutokana na kina cha wavu huo *kabla* ya mtu kupima: wavu ukiwa na kina kikubwa, q inasogea 1. Mwaka 2006 kundi moja la London likabadilisha kina na mgawanyo ukafuata. Hapo hakuna kubandika.

CERN, maabara ya kugonganisha chembe kule Ulaya, sina uhakika wa moyo. Kipimo cha CMS, kigunduzi kimoja cha huko, cha mwaka 2010 kwenye nishati ya TeV 7 kinalingana na q ya kama 1.15, fomula inapita vizuri mno kwenye kasimwendo za hadroni (chembe za jamii ya protoni), lakini kupita vizuri nami nilipita vizuri pale Kibirizi. Upepo wa jua una hadithi yake: mgawanyo wa kappa unaotumika huko, wenye mkia mnene vilevile, mwanafizikia Vasyliunas aliutumia mwaka 1968 kwa elektroni za karibu na Dunia, miaka 20 kabla ya Tsallis, na kappa hiyo ni 1/(q−1) tu kwa jina jingine. Matetemeko nayaruka, ingawa lile la tarehe 5 Desemba 2005 la ukubwa wa 6.8 hapa ziwani bado naliota.

Hujasema data yako ni ya nini na imekusanywa kwa muda gani. Ukiigawa kwa saa au kwa msimu, q inabaki palepale? Fanya hilo kwanza, halafu weka grafu hapa tuione.