Mpigo mfupi wa mwanga haupatikani kwa swichi

Mdogo wangu, umeuliza kama mpigo wa mwanga wa femtosekunde (sekunde moja igawanywe mara milioni ya bilioni) unapatikana kwa kuwasha na kuzima leza haraka sana. Hapana. Hakuna swichi ya umeme yenye kasi hiyo. Kwa femtosekunde moja mwanga wenyewe husogea mikromita 0.3 tu.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara, na jambo hili lilinikaa sawasawa siku moja Mikindani tukipandisha mashua ufukweni. Tulikuwa watu kama kumi na wawili kwenye kamba. Kila mtu alipovuta kwa wakati wake, viganja vilichubuka na mashua haikutikisika. Mzee mmoja akaanzisha wimbo, tukawa tunavuta wote kwenye neno moja, mkuku ukaanza kuchimba mchanga. Wa mwisho kwenye kamba walikuwa bado wanachelewa kidogo. Mzee akawaambia wawahi. Chombo kikapanda. Watu walewale, nguvu zilezile.

Rangi za mwanga nazo ni hivyo hivyo. Mpigo mfupi ni rangi nyingi ambazo vilele vya mawimbi yake vimekutana pamoja. Rangi moja tupu peke yake haiwezi kuwa mpigo mfupi.

Tabu ni kioo. Ndani yake upande wa nyekundu hutangulia, wa bluu hubaki nyuma: mpigo wa femtosekunde 10 ukipenya milimita 5 za kioo cha silika hutoka umevimba hadi kama 50. Basi bluu iwahishwe! Mwanga hupigishwa kwenye bamba lenye mistari myembamba mno, rangi zikatawanyika (geuza CD juani utaziona, wanafunzi wangu huzishangaa kila mwaka). Lenzi hupeleka kila rangi kwenye kijumba chake cha fuwele za kimiminika, jamii ya zile za kioo cha kikokotoo. Volti ya kijumba ndiyo inayoamua rangi hiyo icheleweshwe kiasi gani. Lenzi na bamba la pili huzikusanya tena.

Volti zipi? Mwaka 1992 wanasayansi Judson na Rabitz walipendekeza kompyuta ijaribu, ipime matokeo, ibakize mpangilio uliofanya vizuri, ijaribu tena.

Ukitaka kushuka hadi atosekunde (femtosekunde moja igawanywe mara elfu), leza kali huelekezwa kwenye gesi kama agoni, ing'oe elektroni na kuzirudisha; zikirudi hutoa mwako mfupi wa mwanga. Kwa leza ya rangi moja, mwako huo hutokea mara mbili katika kila mzunguko wa wimbi. Ongeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 juu ya ule wa 800, wimbi linaegemea upande mmoja, na unaweza kubakiwa na mwako mmoja kwa mzunguko.