Maswali ya Wasomaji: Je, Superman Huyu ni wa 1938 Kweli?

SWALI: Mhariri, katika kugawana vitu vya marehemu mjomba wangu nimeangukiwa na kitabu cha katuni kiitwacho Action Comics, namba 1, ambacho jaladani kimeandikwa Juni 1938 na bei ya senti 10 za Marekani. Ni kikubwa kuliko katuni nyingine zote zilizokuwa sandukuni, na kingo zake zimechanika. Je, ni cha asili? Nikigundishe kwa selotepu kabla ya kumwonyesha mnunuzi?

JIBU: Ukubwa huo, ndugu msomaji, ndio unaonitia shaka. Toleo la asili, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, lina upana wa takriban sentimita 20 na urefu wa sentimita 26. Mwaka 1974 kampuni ya DC ililichapisha upya kwa umbo kubwa, takriban sentimita 25 kwa 34, likiwa na jalada la nje la karatasi nzito lenye maneno “Famous First Edition”. Jalada hilo likibanduliwa, hubaki lile la ndani lililonakiliwa kama lilivyokuwa, pamoja na tarehe na bei ya zamani, na wengi wamekwisha kuuziwa nakala hiyo kwa kudhani ni ya 1938. Kwa hiyo chukua rula kabla ya kumpigia mnunuzi yeyote simu. Vipimo vikilingana na vya 1974, umepata kumbukumbu nzuri ya mjomba, wala si utajiri.

Ikiwa vipimo ni vya toleo la asili, basi usikiguse tena isipokuwa kwa mikono mikavu na safi. Nakala za wakati huo ni adimu kwa sababu hazikununuliwa ili zitunzwe: watoto walizisoma hadi zikachakaa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia karatasi kuukuu zilikusanywa Marekani ili zitumike upya. Nakala moja iliyohifadhika vizuri iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 6.

Selotepu usiithubutu, iwe nakala ni ya mwaka gani. Gundi yake huingia katika karatasi, huigeuza rangi ya kahawia, na kuitoa bila kubandua wino ni kazi ya fundi wa uhifadhi. Hata kupaka rangi palipochubuka au kupunguza kingo ili zinyooke hushusha thamani, kwani wakaguzi wanaopanga ubora kwa alama za 0.5 hadi 10 huyatambua marekebisho hayo na kuyaandika waziwazi. Mkusanyaji makini hulipia zaidi mchaniko wa kweli kuliko unadhifu wa kughushi, na mimi naona ana haki.

SWALI: Ninayo Superman namba 75, ile ya kifo chake, ikiwa bado ndani ya mfuko wake mweusi. Niendelee kusubiri bei ipande?

JIBU: Utasubiri sana. Toleo hilo la mwishoni mwa 1992 lilichapishwa kwa mamilioni, na wanunuzi wengi walikuwa na wazo hilihili lako, hivyo nakala zilizofungwa bado zimejaa sokoni. Ungeufungua mfuko ukaisoma.