Barua kwa Mwanangu: Mpigaji Mahiri Asiyejulikana

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sisi hatujambo, na kikohozi cha mama yako kimekwisha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema rafiki unayeishi naye ameshikilia kwamba mpigaji wa jazz aliye mahiri kwelikweli hawezi kubaki bila kujulikana, kwa kuwa kipaji hakifichiki, na kwamba waliosahauliwa walistahili kusahauliwa. Unaniuliza mimi ninaonaje, kwa kuwa nilianza kuzisikiliza santuri hizo wewe hujazaliwa.

Ninaona amekosea, ingawa katika maneno yake imo chembe ya ukweli ambayo nitaifikia. Jazz ninayoizungumzia ni ile ya Marekani. Bendi zetu, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, zilijiita hivyo huku zikipiga dansi, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mchukue Tina Brooks, mpiga saksafoni aina ya tena (tenor). (Tina ni jina la utani la utotoni, usije ukamtafuta mwanamke.) Tarehe 19 Juni 1960 aliingia katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, kumsaidia kijana wa tarumbeta aitwaye Freddie Hubbard, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarekodi santuri yake mwenyewe akiwa kiongozi. Kibao kilichoipa santuri hiyo jina, "Open Sesame", kilitungwa na Brooks. Siku sita baadaye, katika studio ileile, zamu ikageuka: Brooks akawa kiongozi na Hubbard msaidizi, ikapatikana "True Blue". Wasikilize wawili hao katika kibao cha kwanza, "Good Old Soul". Hubbard anapiga kama mtu anayetaka mlango ufunguliwe sasa hivi. Brooks hapandishi sauti. Anavuta kifungu kirefu, anakikata mahali usipotarajia, kisha anakimalizia kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, na sauti yenyewe ina ukavu kidogo, kama ya mtu aliyelia jana yake. Nimeusikia upande huo wa santuri kwa miaka mingi na bado sijaweza kusema kwa yakini ni nani kati yao aliyemzidi mwenzake.

Hubbard akawa jina la dunia nzima. Brooks alirekodiwa na kampuni ya Blue Note mara nne akiwa kiongozi, kati ya 1958 na 1961, na katika rekodi hizo ni "True Blue" peke yake iliyotolewa yeye akiwa hai. Mojawapo ya zilizobaki ilifikia hatua ya kutengenezewa jalada, kisha ikawekwa kabatini. Alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 42, na mwaka 1985 rekodi zote nne zikatolewa pamoja katika sanduku moja, wapenzi wa jazz wakashika vichwa. Sasa muulize rafiki yako: kipaji cha marehemu kilikua kati ya 1974 na 1985? Kanda zilikuwa zilezile, na kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alilifungua kabati.

Mambo yanayomzuia mpigaji asijulikane mara nyingi hayana uhusiano wowote na vidole vyake. New York, kuanzia 1940 hadi 1967, mtu hakuruhusiwa kupiga katika vilabu vya usiku bila kadi iliyotolewa na polisi, na aliyekamatwa kwa kosa la dawa za kulevya aliweza kunyang'anywa. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake mwaka 1951, akakaa hadi 1957 bila kazi ya vilabuni katika mji wake mwenyewe. Monk alinusurika kwa sababu kampuni ziliendelea kumrekodi. Asiyekuwa na bahati hiyo, miaka sita ingetosha kumfuta kabisa.

Hasaan Ibn Ali wa Philadelphia, mpiga piano, ndiye anayenisikitisha zaidi. Mwaka 1964 mpiga ngoma Max Roach, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, alimwingiza studioni, na jalada la santuri iliyotoka likamwita mtu wa kusimuliwa kama ngano, ilhali wengi walioinunua ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia jina lake. Mwaka uliofuata akarekodi nyingine akiwa kiongozi, ambayo haikutolewa. Kanda zake ziliteketea katika moto wa ghala mwaka 1978, naye akafariki mwaka 1980. Nakala ilipatikana baadaye sana, na muziki huo ukatoka mwaka 2021. Nakala hiyo ingepotea pia, leo tungekuwa na santuri yake moja tu ya studio, tena ya mwenzake.

Ile chembe ya ukweli ni hii. Jazz haikomai chumbani. Mtu hupikwa kwa kupiga na wenzake, kwa hiyo wenzake hawakosi kumjua. Hasaan alijulikana vizuri sana na wapigaji wa Philadelphia, mpiga saksafoni maarufu John Coltrane akiwemo. Buddy Bolden wa New Orleans, mpiga koneti (ala iliyo jamaa ya tarumbeta), aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, miaka kumi kabla ya santuri ya kwanza ya jazz kutolewa, na hakuna hata noti moja yake iliyobaki. Tunalo jina lake kwa sababu waliomsikia waliishi na kusimulia. Rafiki yako akisema kwamba mahiri hawafichiki mbele ya wapigaji wenzao, nitamkubalia. Lakini wote niliowataja wamekwisha kuokolewa, ndiyo maana ninaweza kuwataja. Wale ambao kabati lao halikufunguliwa siwezi kukuandikia majina yao, naye hawezi kuutumia ukimya wao kama ushahidi kwamba hawakuwepo.

Nimemkabidhi binamu yako flashi yenye "True Blue". Atakuja huko Ijumaa. Mpigie rafiki yako bila kumwonyesha jalada, na kwanza muulize anadhani ni nani huyo wa saksafoni.

Ni mimi baba yako akupendaye.