Barua kwa Mwanangu: Boti Hununuliwa Chini ya Sakafu

Mkokotoni, Unguja

Mwanangu Khamis,

Assalaam alaykum. Mimi na mama yako hatujambo, alhamdulillahi, na barua yako tumeipata pamoja na picha saba za boti. Unaniuliza kama boti ile ya zamani ya kuwakokota kwa kamba watu wanaoteleza majini juu ya mbao, iliyolala miaka mingi chini ya mwembe katika yadi huko Dar es Salaam, inafaa kununuliwa kwa hizo milioni nane anazozitaka mwenyewe. Na unaniuliza kama, ukiinunua, nitakusaidia kuifufua kama nilivyoifufua ile ya kwetu. Hili la pili nalijibu hapa hapa: nitakusaidia. La kwanza siwezi kulijibu kwa picha hizi, kwa sababu umepiga viti, umepiga usukani, umepiga rangi inavyong'aa na umepiga injini mara tatu, lakini hakuna picha hata moja ya chini ya sakafu, na boti ya aina hii hununuliwa huko.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Boti yetu niliinunua kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, naye alikuwa ameitumia ziwani, Mwanza, kabla ya kuileta huku. Injini ilikuwa imekwama, nami kwa kujiona fundi nikadhani kuwa boti ni injini. Nikaing'oa, nikaifungua yote juu ya jamvi barazani kwa mama yako, nikaisafisha na kuifunga upya, kisha nikaipaka boti rangi ya buluu, watu wa pwani wakawa wanakuja kuitazama kama bibi harusi. Miezi mitatu haikutimia. Asubuhi moja, upande wa ndani wa kisiwa cha Tumbatu, niliongeza kasi kwa ghafla ili kumwinua binamu yako kutoka majini, nikasikia kishindo chini ya miguu yangu, na injini ikahama mahali pake kwa upana wa kidole. Bolti zilizoishikilia zilikuwa zimeng'oka, na katika meno yake umenasa unga mweusi, mbichi, kama machicha ya kahawa. Unga ule ndio uliokuwa mbao.

Faiba yenyewe haiozi; kinachooza ni mti uliofunikwa ndani yake. Boti nyingi za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa ganda la faiba, na ndani ya ganda hilo ikalazwa mihimili ya mbao kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, ikavikwa faiba nyembamba, na injini ikafungwa juu ya ile miwili ya katikati. Fundi wa jahazi wa Nungwi huyaacha mataruma yake, yaani mbavu za chombo, wazi, kila apitaye akayaona, na taruma moja likioza hutolewa likatiwa jingine. Waliotengeneza boti hizi waliufunika mti wao, wakaweka sakafu juu, kisha wakatoboa matundu ya parafujo za viti na za zulia. Maji huingia kwa matundu hayo na hayapati pa kutokea. Wengine walijaza chini ya sakafu povu gumu la manjano ili boti isizame, na povu hilo likizeeka hunyonya maji kama godoro. Mimi nilipoifungua sakafu nilitoa povu lililolowa, nikalikamua kwenye ndoo, nikahesabu ndoo kumi na tano za lita 20 kabla sijachoka kuhesabu. Hizo ni kilo 300 nilizokuwa nikizivuta baharini kila siku nikilalamika kwamba petroli haikai.

Uzito huo ndio unaoiharibu boti ya namna hii kuliko boti nyingine, na hapa nakujibu lile swali lako dogo la mwisho wa barua, kwa nini injini imewekwa katikati kama jiko ndani ya nyumba. Mchezo wenyewe una umri wa miaka mia na kitu. Kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, alikuwa wa kwanza kuteleza hivyo mwaka 1922 katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, juu ya mbao mbili za msonobari ambazo ncha zake alizichemsha mpaka zikakubali kupinda. (Mafundi wetu wangeutafuta mti uliozaliwa umepinda; kila mtu na akili yake.) Baadaye wakatokea waliounda boti kwa ajili ya mchezo huo peke yake, na Ski Nautique ya mwaka 1961 ni mojawapo ya zile zilizoweka mfano. Walichokitafuta ni mambo mawili. Kwanza, boti isiache mlima wa maji nyuma yake, maana anayeteleza hulazimika kuukata mlima huo kila anapovuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo chini wakaifanya bapa na nyepesi. Pili, mtu aliye mwisho wa kamba ya mita 23, anayejitupa kushoto na kulia kwa kasi inayofika kilomita 58 kwa saa, asiuvute mkia wa boti; kwa hiyo mlingoti mfupi wa kufungia kamba wakausimamisha karibu na katikati ya boti, na injini hapo hapo, na shafti ikatoka moja kwa moja chini kwenda kwenye rafadha, yaani pangaboi la kusukuma boti. Boti hiyo ikienda mbele hunyooka kama uzi. Ikirudi nyuma haisikii usukani, na utakapoileta gatini mara ya kwanza utaona haya mbele za watu.

Basi ukienda tena yadini, iache injini, uchukue nyundo ndogo ya plastiki, au hata mpini wa bisibisi, ugonge sakafu na mihimili hatua kwa hatua kuanzia omo. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, ngo, ngo. Iliyooza hujibu kama papai lililoiva. Kisha shika spana, ukaze bolti za injini. Ikiwa bolti inazunguka tu bila kukaza, haina inachokishika. Mwisho omba ruhusa utoboe tundu la milimita tano kwa keekee, chini kabisa ubavuni mwa mhimili, maana maji hukaa chini, uyatazame mavumbi yatakayotoka: makavu na yenye harufu ya mti ni salama, meusi na yenye maji umekwisha kujua. Tundu huzibwa kwa tone la epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu. Mwenye boti akikataa tundu, hilo nalo ni jibu. Na kwenye tezi, upande wa kulia juu, isome namba iliyochongwa. Boti za Marekani zilizotengenezwa kuanzia Novemba 1972 zinatakiwa kuwa nayo, herufi na tarakimu 12, na kutoka kwake utaujua mwaka halisi, si ule alioutaja mwenyewe.

Ukikuta mihimili imeoza usikate tamaa papo hapo, lakini ujue unachokinunua ni ganda na kazi. Kazi yangu ilichukua mwaka mmoja na nusu wa Ijumaa na Jumapili. Ganda lisilo na mihimili ni laini kama kikapu, kwa hiyo kabla ya kukata chochote tuliliwekea kitanda cha mbao kilichochongwa kulifuata umbo lake, tukabadilisha upande mmoja kwanza, wa pili ukabaki kuushikilia mwenzake. Ganda likikauka limepinda milimita chache karibu na tezi, boti itainamisha omo au itainua na kuibwaga bila kukoma, na hakuna rangi itakayoliponya. Mbao zangu za kwanza zilikuwa za mvule, kwa kuwa mvule ndio tunaousifu. Fundi mmoja wa Nungwi akanicheka, kisha ikaonekana kwamba amecheka kwa haki, kwa sababu mvule una mafuta yake, na faiba niliyoilaza juu yake ilibanduka kama gamba. Nikarudia kwa plaiwudi ya baharini, iliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa epoksi. Tena ilikuwa Februari, jua la kaskazi, nami nikachanganya kopo zima kwa mara moja. Kabla sijafika nusu ya mhimili kopo likaanza kutoa moshi, na brashi ikagandia ndani yake. Kopo hilo ninalo mpaka leo, mama yako hulitumia kuzuia mlango wa jikoni. Changanya kidogo kidogo, alfajiri.

Injini iliyokwama hainitishi. Zile ni injini za magari ya Marekani zilizorekebishwa kwa matumizi ya majini, za silinda nane, na fundi mzuri huzifungua. Ila usikubali kamwe kuambiwa kwamba staata au kabureta ya gari itafaa kwa kuwa inaingia. Ya gari huweza kutoa cheche au kumwaga mvuke wa petroli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari hutoka chini ukaenda zake, kwenye boti hukaa ndani ya ganda ukingoja. Boti ya aina hii inahitaji feni ya kuutoa, nayo iwashwe dakika nne kabla ya kugusa ufunguo, hata kama abiria wanakupigia kelele. Pia nyingi za injini hizo huzunguka kinyume na za gari, kwa hiyo uangalie kabla hujanunua spea. Kuhusu shafti, ilinganishe na injini boti ikiwa majini, si ikiwa juu ya trela, maana ganda hubadilika likibebwa na maji. Nafasi kati ya sahani mbili zinazoiunga shafti na injini isitofautiane zaidi ya unene wa karatasi, ama sivyo itatetemeka mpaka meno yako yaume.

Sasa chumvi, ambayo nadhani wewe hujaifikiria. Boti hizi zilitengenezewa maziwa. Injini hupozwa kwa maji yanayovutwa kutoka nje na kupitishwa ndani ya chuma chenyewe, na maji yakiwa ya bahari huila kimya kimya, hasa pale moshi unapotokea, mpaka siku moja yanapenya ndani ya silinda. Muulize mwenyewe boti yake imeishi wapi, ziwani au baharini, na usimwamini mpaka uone kutu. Hapa kwetu kila tuliporudi tuliikokota juu, tukaiwasha kwa maji matamu kutoka kwenye pipa kwa dakika kumi, na kama unakumbuka ugomvi wa nyumba yetu wakati maji ya mfereji yalipokuwa hayatoki siku tatu, ndio ulikuwa huo. Mama yako anasema nikuandikie kwamba mkeo aulizwe kwanza kuhusu pipa. Ukiwa na uwezo, funga mfumo wa kupozea wenye maji matamu yake yenyewe. Nilichelewa kuufunga, nami nikalipia kuchelewa huko.

Na ujue utaitumia siku chache. Ubapa ule unaoipendeza juu ya maji tulivu huifanya igonge kila wimbi kama mtu anayepigwa viatu. Wakati wa kusi tuliifunika. Siku zake ni za tangambili, pepo zinapobadilishana, na asubuhi kabla jua halijapanda, katika mkondo huu ulio kati yetu na Tumbatu, wakati maji yamejaa. Bamvua likikupwa mafungu hutoka nje, na rafadha ya boti hii iko chini ya tumbo lake, huwezi kuiinua kama mashine ya kufunga nyuma. Asubuhi tano au sita za namna hiyo kwa mwaka zilinitosha.

Kwa bei, ikiwa mihimili ni mizima na boti imekaa ziwani, milioni nane si nyingi. Ikiwa imeoza, thamani yake ni ya trela na injini tu, nami nisingetoa zaidi ya tatu. Usitoe arubuni, hata akikwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho. Jumamosi nitapanda boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, nije na keekee na ile nyundo yangu. Unipokee gatini, na uje na tochi.

Baba yako